Maneno Bila Fasili: Msomaji na Muktadha katika "Vocabulaire" ya Elisabethville

Mnamo mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru wa Kongo na miaka miwili baada ya kukoma kwa utawala wa Katanga iliyojitenga, kilitolewa mjini Elisabethville kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa, chenye anwani ya Kifaransa na matini ya Kiswahili. Aliyekitunga ni André Yav, na walioagiza kazi hiyo ni chama cha watu waliopata kuwa watumishi katika nyumba za Wazungu. Anwani yake yaanza na neno "Vocabulaire", yaani msamiati. Msamiati wa mji wa Elisabethville. Msomaji wa chuo kikuu anayekifungua akitazamia kidahizo upande mmoja na fasili upande wa pili hapati anachokitafuta. Anachokuta ni masimulizi: jinsi Wazungu walivyoingia katika nchi, jinsi mji ulivyosimama, nani alimtumikia nani, na mambo yalivyokwenda hadi utawala wa Wabelgiji ulipokoma. Maneno yapo, tena mengi. Kinachokosekana ni fasili.

Tangu Johannes Fabian alipokichapisha upya mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu, katika kitabu kiitwacho "History from Below", kijitabu hicho kimetumiwa zaidi kama ushahidi: wanahistoria hukitafutia habari za ukoloni ulivyoonekana kutoka jikoni, na wanaisimu hukitafutia sifa za Kiswahili cha Lubumbashi. Matumizi yote mawili ni halali. Makala haya, hata hivyo, yanakitazama kwa upande mwingine, yaani kama matini yanayomdai msomaji ajifunze maneno kwa kuongozwa na muktadha peke yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kijitabu hiki kinaionyesha mipaka ya mafundisho yanayotolewa katika madarasa ya kusoma Kiingereza na Kifaransa kuhusu kukisia maana, na kwamba mipaka hiyo haiko pale ambapo walimu wengi wamezoea kuitafuta. Hatari kubwa haimo katika neno geni. Imo katika neno ambalo msomaji anadhani analijua.

Ili kuona kwa nini Yav aliweza kuita masimulizi yake msamiati, inafaa kukumbuka vitabu vilivyokuwa vikiitwa hivyo kabla yake. Mbelgiji aliyekwenda Kongo alipewa msamiati kama alivyopewa kofia na dawa ya malaria. Katika miaka ya 1890 Charles Lemaire alitunga mmoja uliopanga lugha kadhaa bega kwa bega, na Kiswahili kikiwamo kwa jina la lugha ya Zanzibar. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead na mwenzake walitoa huko Wayika mwongozo wa Kingwana, ambao ni kazi ya uangalifu zaidi. Fabian mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na mamlaka ya kikoloni, alivichambua vitabu vya namna hii na kuonyesha kwamba orodha ya maneno si kitu kisicho na upande. Neno lililochaguliwa, na neno lililoachwa, vyote vinamsema mtu aliyekusudiwa kulitumia. Vingi kati ya vitabu hivyo vilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye kuamuru, ambaye haja yake ilikuwa kueleweka zaidi kuliko kuelewa.

Mji wenyewe ulianza kwa mchanganyiko wa lugha. Reli iliyotoka kusini ilifika mwaka 1910, na pamoja nayo walikuja watu, bidhaa na maneno ya Rhodesia na Afrika ya Kusini. Katika miaka ya mwanzo Kiingereza kilisikika sana migodini, pamoja na ile lugha ya migodi ya kusini ambayo leo hujulikana kwa jina la Fanakalo. Wabelgiji, walioogopa kwamba Katanga ingemezwa na Waingereza, walikuwa na sababu zao za kukipendelea Kiswahili. Hivyo Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika mji ambao wenyeji wake wachache tu walikizaliwa nacho, kikajengwa na Wabemba, Waluba, Walunda, watu wa Maniema na wengine wengi, kila mmoja akikisia maneno ya mwenzake kutokana na tukio lililokuwa mbele yao. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huo tangu mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa wanaisimu wa kwanza kukieleza Kiswahili hicho kwa kanuni zake chenyewe badala ya kukiorodhesha kama makosa.

Kwa hiyo boyi wa Elisabethville alijifunza lugha ya kazi yake kinyume na bwana wake. Bwana alikuwa na orodha. Boyi alikuwa na hali halisi. Aliposikia neno, alilazimika kulipambanua kwa mkono uliokuwa ukielekeza, kwa sahani iliyokuwa mezani, kwa hasira iliyokuwa usoni. Watu wa namna hiyo wanapozeeka na kuamua kuandika msamiati wa mji wao, si ajabu kwamba wanausimulia.

Hapa ndipo nadharia ya kusoma inapohusika. Walimu wa lugha za kigeni huwafundisha wanafunzi kwamba neno lisilojulikana lina vidokezo pembezoni mwake: kisawe, kinyume, mfano, sababu na tokeo. Mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye amekulia katika Kiswahili, akasomeshwa kwa Kifaransa na kufundishwa Kiingereza kama lugha ya kigeni, ameyasikia mafundisho haya zaidi ya mara moja. Nayo yana msingi. Hata hivyo watafiti walitia shaka mapema juu ya ukarimu wa muktadha. Isabel Beck na wenzake, mwaka 1983, walionyesha kwamba miktadha si sawa: upo unaomwelekeza msomaji kwenye maana, upo unaomsogeza karibu tu, upo usiomsaidia lolote, na upo unaompoteza kabisa. Uchunguzi wa William Nagy na wenzake wa mwaka 1985 ulithibitisha kwamba watoto hujifunza maneno kwa kusoma, lakini kwa kidogokidogo mno. Na Swanborn na de Glopper, walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1999, walikadiria kwamba katika maneno 100 mageni anayokutana nayo msomaji, yapata 15 ndiyo yanayobaki naye. Batia Laufer alipendekeza mwaka 1989 kwamba msomaji wa lugha ya kigeni awe anajua walau asilimia 95 ya maneno ya matini ili aweze kuelewa. Hu na Nation, mwaka 2000, walipandisha kiwango hicho hadi asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila maneno 50.

Vipimo hivi vina dhana moja ambayo "Vocabulaire" inaitikisa. Vyote vinachukulia kwamba msomaji anajua ni neno lipi halijui. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam au cha Zanzibar, akipewa matini ya Lubumbashi na kalamu ya kupigia mstari maneno mageni, hatapiga mistari mingi kama mtu anavyoweza kudhani. Akishazoea "batu" mahali pa "watu" na "muzungu" mahali pa "mzungu", atajiona amefikia ile asilimia 98 bila taabu. Na hapo ndipo atakapoanza kupotea.

Mifano rahisi na ianze. Katika Kiswahili cha Lubumbashi "njo" si mwito wa kumtaka mtu aje; ni neno la kusisitiza lenye kazi ya "ndiye" au "ndiyo", kama katika sentensi hii iliyotungwa kwa ajili ya mfano: "Ule njo baba yangu." Vilevile "paka" si mnyama wala kitendo cha kupaka, ni "tu", kama mtu anaposema "Alikuya paka yeye", yaani alikuja yeye peke yake. Maneno haya mawili yanamchekesha msomaji wa pwani, lakini hayamdhuru. Muktadha unamkataza upesi. Paka hana nafasi katika sentensi ile, na baba hawezi kuambiwa aje katikati ya maelezo juu yake. Msomaji anasimama, anarudi nyuma, anatafuta maana nyingine, na kwa kawaida anaipata. Huu ndio muktadha mwema ambao vitabu vya kiada hupenda kuutolea mfano.

"Juu ya" ina madhara zaidi. Lubumbashi maneno hayo hutumika sana kwa maana ya "kwa sababu ya". Mwanafunzi wa Nairobi hatapata shida, kwa kuwa matumizi hayo anayo kwao mtaani. Wa Unguja ndiye atakayesitasita. Akisoma sentensi kama "Alikufa juu ya kazi", huenda akaelewa kwamba mtu huyo alikutwa na mauti akiwa kazini. Sentensi ya Lubumbashi inasema jambo jingine: kazi ndiyo iliyomuua. Tofauti hiyo, katika mji uliojengwa na Union Minière na makampuni mengine, si tofauti ya sarufi peke yake. Ni tofauti kati ya ajali na shutuma. Na muktadha haumkatazi msomaji chochote, kwa sababu maana zote mbili zinakaa vizuri mahali pale.

Lakini neno linalostahili kuchunguzwa kwa utulivu ni "kutumika". Kwa mkazi wa Lubumbashi, kutumika ni kufanya kazi, hasa kazi ya ajira. Mtu hutumika ofisini, hutumika mgodini, hutumika kwa muzungu. Katika Kiswahili sanifu cha leo, kinachotumika kwanza ni chombo: kisu hutumika, barabara hutumika, neno hutumika. Mtu akisemwa kwamba "alitumika", msikilizaji wa Dar es Salaam huhisi lawama ndani yake. Huelewa kwamba mtu huyo alifanywa chombo na wajanja, akatupwa baada ya kazi kwisha. Sasa na achukuliwe msomaji huyo, awekewe mbele yake masimulizi ya mtumishi wa zamani wa Elisabethville, akutane na sentensi kama hii: "Baba alitumika kwa muzungu myaka makumi mbili." Ataelewa nini? Ataelewa kwamba mzungu alimtumia baba huyo kwa miaka 20.

Ubaya wa fasiri hiyo ni kwamba inapendeza. Inalingana na yote ambayo msomaji amejifunza juu ya ukoloni. Kila kidokezo pembezoni, ujira mdogo, matusi, nyumba ya nyuma ya nyumba, kinaithibitisha. Kwa kipimo cha darasani msomaji huyu amefanya kila alichofundishwa: amelitazama neno, ameutazama muktadha, ameoanisha, amepata maana inayokubaliana na sura nzima. Naye amekosea, na hakuna sentensi itakayokuja mbele kumsahihisha, kwa maana kosa lake linaafikiana na historia kwa jumla ingawa haliafikiani na alichosema msemaji. Msemaji alisema kwamba baba yake alikuwa na kazi kwa miaka 20. Huenda alilisema kwa uchungu. Huenda alilisema kwa majivuno ya mtu aliyejua upishi, aliyeaminiwa funguo, aliyesomesha watoto. Uchungu au majivuno hayo yatafutwe mahali pengine katika matini, si katika kitenzi hiki. Kitenzi kimemwacha baba akiwa mtendaji. Msomaji, kwa nia njema, amemgeuza chombo.

Mtu anaweza kupinga kwamba maana hizi mbili zina mzizi mmoja, na ni kweli. Kutuma kumezaa mtumwa, mtume, mtumishi na utumishi. Pwani nako utumishi wa umma hauna lawama yoyote, na kutumikia ni sifa njema kanisani na msikitini. Maana ya Lubumbashi si ugeni ulioingizwa, bali ni tawi la mti uleule lililokua upande mwingine. Lakini ujamaa huu wa maneno ndio hasa unaomnasa msomaji. Neno lisilo na undugu wowote na lake angelishuku.

Kwa upande huo Laufer, ambaye kiwango chake cha asilimia kimetajwa hapo juu, alikwisha kuonya kwamba wanafunzi wa Kiingereza hupotezwa na maneno yenye sura ya uwazi: mwanafunzi huyagawa katika vipande anavyovijua, akajumlisha, na hata hajaribu kuutazama muktadha kwa sababu haoni la kuuliza. Onyo hilo lilihusu lugha ya kigeni. Kinachoongezwa na "Vocabulaire" ni kwamba jambo hilohilo hutokea ndani ya lugha moja, na kwamba mwenye kuathirika zaidi ni yule anayejihesabu kuwa mwenye lugha. Mjerumani aliyejifunza Kiswahili kwa miaka miwili huenda akauliza juu ya "kutumika". Profesa wa pwani hatauliza.

Suala la "boyi" liko tofauti kidogo. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lilipitia katika makoloni ya Waingereza likafika Katanga, na Wabelgiji wanaosema Kifaransa wakalichukua bila kulitafsiri. Kamusi ya Kiingereza inamwambia mwanafunzi kwamba ni mtoto wa kiume. Muktadha wa mji ule unamwambia kwamba ni mtu mzima, mara nyingi mwenye mke na watoto, ambaye ukubwa wake haukutambuliwa na lugha ya mwajiri. Katika Kiswahili utoto huo ulipotea. Boyi akawa mtumishi wa nyumbani na basi. Waliomwagiza Yav walijiita kwa neno lililokuwa limekwisha kuoshwa, angalau kwa sehemu. Anayelisoma leo kwa kupitia Kiingereza analitia uchafu upya, na pengine ni vizuri alitie, mradi ajue kwamba ni yeye aliyefanya hivyo.

Hata kabla ya kufika kwenye maana, "Vocabulaire" ina kizuizi ambacho vitabu vya mbinu za kusoma havikitaji kabisa. Kijitabu kilipigwa taipu na mtu ambaye hakufungwa na kanuni yoyote ya tahajia. Maneno huungana mahali ambapo msomaji angetazamia nafasi, hutengana mahali ambapo angetazamia yaungane, na alama za kituo haziwezi kutegemewa. Katika Kiswahili jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu viambishi vya lugha hii vinaweza kusimama kwa namna nyingi. Mwalimu yeyote wa darasa la pili amekwisha kuona mtoto akiandika "wana wake" akikusudia wanawake, na kinyume chake. Kukisia maana ya neno kunasadiki kwamba neno limekwisha kutengwa na mengine. Hapa msomaji hukisia kwanza neno liko wapi, kisha ndipo akisie lina maana gani, na mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linaloamua la kwanza.

Fabian alilitatua tatizo hili kwa njia inayostahili kusifiwa. Alimwomba Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, ayasome matini kwa sauti. Usomaji huo ukanaswa na kunakiliwa, na nakala hiyo ndiyo ikawa njia ya kuyafikia maandishi. Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Mantiki ya uamuzi huo ni rahisi kuieleza ingawa ilihitaji ujasiri kuitekeleza katika ulimwengu wa wahariri wa matini: maandishi ambayo jicho linayaona kama vurugu, sikio linayasikia kama hotuba. Sauti hupumua mahali panapofaa, hupanda na kushuka, hutenga lililo kuu na lililo dogo. Kwa lugha ya madarasa, kiimbo ni kidokezo cha muktadha, tena kidokezo kilicho bora kuliko kisawe na kinyume, na ajabu ni kwamba orodha za vidokezo zinazotolewa kwa wanafunzi wa kusoma hazikitaji.

Pamoja na sifa hiyo, uhakiki una la kusema. Sauti ya Kalundi Mango ni sauti moja. Kila alipopumua alichagua, na kila alipochagua alifunga mlango fulani ambao kijitabu kilikuwa kimeuacha wazi. Msomaji wa mwaka 1965, aliyekuwa mtumishi mwenyewe, huenda angepumua kwingine. Fabian hakuyaficha hayo. Aliyatoa maandishi ya awali pamoja na usomaji, ili mwenye shaka arudi kulinganisha, na baadaye matini hayo yaliingizwa katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Lakini wasomaji wengi hawarudi. Wanaichukua tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri, kwa umbile lake, haiwezi kusitasita. Kiswahili kinaposema "alimwambia", hakina haja ya kueleza kama msemaji alikuwa mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinadai kuambiwa. Katika habari za nyumba za Wazungu, ambamo alikuwamo bwana na alikuwamo bibi, dai hilo si dogo.

Kuna upande mwingine wa shilingi hii, na unamhusu mwanafunzi wa Lubumbashi kuliko mtu mwingine yeyote. Historia ya mji wake iliyoandikwa na wapishi na madobi imechapishwa Amsterdam na Philadelphia, kwa lugha anayojifunza kwa shida. Mtu anaweza kulisikitikia hilo, na kwa haki. Lakini katika kitabu hichohicho Kiswahili na Kiingereza vimo pamoja, na hapa mwanafunzi huyo ana mali ambayo mwanafunzi wa London hana. Anapokutana na neno gumu la Kiingereza katika tafsiri, hahitaji kukisia kwa kutazama maneno mengine ya Kiingereza asiyoyajua vizuri. Anatazama Kiswahili anachokijua. Muktadha wake ni lugha yake ya nyumbani. Atajifunza neno la Kiingereza la mgawo wa chakula kutokana na "posho", ambalo babu yake alilipokea kila juma kwa mizani katika kambi ya Union Minière. Mwenzake wa Kampala, ambaye kwake posho ni ugali uliopo sahanini, atahitaji kuelezwa jinsi mgawo ulivyogeuka kuwa jina la chakula. Yule wa Dar es Salaam, ambaye kwake posho ni fedha ya safari ya kikazi, atahitaji kuelezwa zaidi.

Mali hiyo haitumiki ipasavyo, na sababu yake inajulikana. Katika Kongo ya mashariki na kusini, kinachoheshimiwa katika maandishi ni kile kinachoitwa Kiswahili bora, yaani kilicho karibu na cha pwani. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, bila kusema ni Kiswahili kipi. Kwa mtazamo wa Kiswahili bora, "kutumika" ya Lubumbashi ni kosa la kusahihishwa, na "juu ya" ni uzembe. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo anapoifungua "Vocabulaire" anaona haya kwa niaba ya mwandishi. Anaisoma kama msomaji wa pwani anavyoisoma, ila kwa makusudi: anaikana ile maana anayoijua ili aishike ile aliyofundishwa. Huyu amepotezwa zaidi kuliko mtu wa Unguja, maana mtu wa Unguja hakuwa na lingine la kushika.

Idara zinazofundisha Kiswahili, ziwe za Lubumbashi, Nairobi au Dar es Salaam, zingeweza kuijaribu hoja hii bila gharama kubwa. Wanafunzi wa mahali tofauti wapewe ukurasa mmoja wa maandishi ya awali ya Yav, bila nakala ya usomaji wala tafsiri. Waombwe kwanza kukata maneno, kisha kupigia mstari wasiyoyajua, kisha kueleza kwa sentensi zao wenyewe yale ambayo hawakuyapigia mstari. Hatua hiyo ya tatu ndiyo yenye faida, na ndiyo ambayo mitihani ya ufahamu huiruka. Kisha ukurasa usomwe kwa sauti na mtu wa Lubumbashi, tena wawili kama wanapatikana, mmoja mzee na mmoja kijana, ili ionekane wanapumua wapi na wanatofautiana wapi.